NANI ANAPIGA HODI KU SERVERI YETU?

Somo hili ni la wale wanaojifunza lugha ya C. Tunaandika serveri ndogo: socket, bind, listen, accept. Tunafungua mlango nambari 8080, tunauita mara moja tu na navigateri, lakini serveri inahesabu wageni wawili ao watatu. Pale pale mwenzetu anapaza sauti: «Kuko mwizi! Ni yule wa darasa la sita!» Amri za Mungu zinakataza kumshuhudia jirani uongo. Basi mbele ya kutaja jina la mtu, tuulize mgeni anatoka wapi.

Accept njo inatupatia anwani yake. Lakini mbele ya kuiita, tuweke sizeof mu variabele ya urefu. Kama tunasahau, anwani inaweza kutoka 0.0.0.0, na hatujui kitu. Tena, accept ikirudisha -1, ile haiko mgeni, ni kosa.

Sasa tusome anwani:

1. 127.0.0.1. Ni mashini yetu wenyewe. Navigateri inaomba ukurasa. Serveri inajibu na kufunga. Navigateri inarudia kupiga hodi juu ya kuomba kapicha favicon.ico. Mara ingine inafungua njia mbele ya wakati, inanyamaza paka vile.

2. 192.168 ao 10 ku mwanzo. Mara nyingi ni mashini ya rezo moja na sisi. Tuulize kwa upole.

3. Anwani ingine. Kama serveri inaonekana ku intaneti, iko programu zinazopima milango ya dunia nzima. Mu mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha na ZMap kwamba mashini moja inaweza kupima mlango moja wa anwani zote za IPv4 chini ya dakika 45. Mpimaji haangalii jina lako.

Dawa ni gani? INADDR_ANY ni sawa lupango yenye milango yote wazi, hata ule wa barabarani. Kwa kujifunza, tuweke INADDR_LOOPBACK ndani ya htonl: nyumba inabaki wazi kwa wenye kuwa ndani tu. Na kila mgeni, recv isipokee kupita nafasi tuliyoandaa. Ikirudisha 0, mgeni ameenda, tufunge na close.

ZOEZI: Andikeni serveri yenye kuonyesha anwani na mlango wa kila mgeni. Mwiite mara tatu, kisha mweleze kila mstari unatoka wapi, bila kumshitaki mtu.