Nyumba ya Makiri

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 2 Samweli 4:4, 2 Samweli 9:1-13, 2 Samweli 17:27-29.

Somo la mara hii ni juu ya nyumba zenye mtoto mlemavu katikati yetu. Tunajua kwamba wengi hulipita somo hili kando. Nyumba hizo ziko karibu katika kila parokia, na karibu kila parokia ina jambo ambalo haikulitenda vizuri. Sisi pia tunalo, nasi tutalisema hapa bila kulifunika.

Tuanze na Maandiko. Mefiboshethi anajulikana na wengi, yule mwana wa Yonathani aliyekuwa na vilema vya miguu yote miwili, ambaye mfalme Daudi alimketisha mezani pake. Hadithi hiyo huhubiriwa sana, na mahubiri huishia mezani pa mfalme. Lakini someni polepole. Mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka 5 habari za kifo cha baba yake na cha babu yake zilipofika. Yaya wake alimbeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Ndiyo sababu yenyewe. Andiko linaieleza katika mstari mmoja, halafu linaiacha. Halisemi kwamba yaya alitumwa na mtu, wala kwamba Yonathani aliuza miguu ya mtoto wake ili apate cheo. Kulikuwa na vita, kukawa na mbio, mtoto akaanguka, basi.

Sasa tuulize: kutoka siku ile hadi siku Daudi alipomwita, Mefiboshethi alikaa wapi? Alikuwa Lo-debari, katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli. Alipoitwa na mfalme alikuwa mtu mzima, tena ana mwana mdogo jina lake Mika. Kwa hiyo, kabla meza ya mfalme haijatandikwa, kulikuwa na nyumba iliyompa chakula na mahali pa kulala, na watu wa kumsaidia kuinuka na kukaa. Makiri hasifiwi mahali popote kwa kazi hiyo. Hatujasikia hata mara moja mahubiri yaliyomtaja. Lakini tazameni sura ya 17: Daudi mwenyewe anamkimbia Absalomu, anafika Mahanaimu akiwa na watu waliochoka, wenye njaa na kiu, na kati ya wale watatu wanaokuja kumpokea yumo Makiri yule yule. Walileta vitanda, mabakuli, vyungu, unga, maharagwe, dengu, asali. Sisi tunafikiri kwamba Makiri alikuwa amejifunza nyumbani mwake kitu ambacho aliyechoka anakihitaji kwanza. Kitanda kilikuja mbele ya maneno.

Tukumbuke somo hilo tunapolieleza jambo letu.

Katika mwaka 2021, katika parokia moja ya Lubumbashi ambayo tunaijua vizuri kwa sababu tulikuwa ndani yake, kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa kiume wa miaka 7. Mtoto hakuweza kuketi peke yake, mikono yake ilikakamaa, mate yalimtoka, na hakusema, ingawa alicheka aliposikia ngoma. Mama alimleta ibadani mgongoni kila siku ya Mungu, akaketi nyuma karibu na mlango. Ninyi mnajua mavazi yetu ni meupe. Mate ya mtoto yaligusa vazi la mama aliyekaa pembeni, naye akasogea. Siku ya Mungu iliyofuata akasogea mwingine, na mkeka ule ukabaki wa watu wawili.

Halafu likaja neno baya kuliko hilo. Mwenye maono mmoja alisema katika maombi ya usiku kwamba mtoto huyu alibadilishwa na kazi ya baba yake, kwamba akili yake iko mahali pengine inafanya biashara. Baba alisikia. Baada ya mwezi mmoja alisema anaenda kutafuta kazi ya machimbo huko Kolwezi, naye hakurudi nyumbani. Mama aliendelea kuja kwa muda, kisha akakoma. Wazee wa kanisa waliandika katika kitabu kwamba amerudi nyuma katika imani. Nasi tuliokuwa tunajua mambo yote haya tulinyamaza.

Ilipita miezi 3 ndipo wamama wawili walipomtembelea. Walikuta kwanza jambo ambalo hakuna aliyelifikiri: mtoto alikuwa ameongezeka uzito. Mama hakuweza tena kumbeba kwenda na kurudi, hiyo tu. Wakakuta na jambo la pili: binti yake wa miaka 11 hakwenda shule. Masomo ya shule za msingi za serikali yalifanywa bure tangu Septemba 2019, lakini ubure huo haukumfikia binti huyu, kwa sababu mama alipoenda sokoni kuuza unga, yeye ndiye aliyebaki na mdogo wake. Walemavu katika nyumba ile walihesabiwa mmoja, lakini waliofungwa ndani walikuwa watatu.

Wamama wale waliuliza habari za kuzaliwa kwa mtoto. Mama alitoa karatasi ya materniti iliyokunjwa mara nyingi. Uchungu ulichukua siku 2, na mtoto alichelewa sana kulia. Waganga wa hospitali wanalijua jambo hilo: mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo unaweza kuumia, na sehemu inayoongoza viungo haiwezi tena kuviongoza vizuri. Kwa Kifaransa wanaandika IMC. Hali hiyo inaweza pia kuletwa na homa ya manjano kali ya mtoto mchanga, ile inayogeuza macho na ngozi yake kuwa njano, au na malaria iliyopanda kichwani, au na ugonjwa wa uti wa mgongo. Basi sababu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi miaka 7 yote, ndani ya sanduku, wakati sisi tulipokuwa tunaitafuta usiku katika maono.

Mama alisema neno moja ambalo tunaliandika kama tulivyolisikia: «Mliniuliza kila mara mtoto huyu alizaliwa namna gani. Hakuna aliyeniuliza anakula namna gani.»

Hatuandiki haya ili kudharau karama. Kanisa letu lilizaliwa katika unabii nasi hatuukatai. Lakini neno linalomwita mtoto mchawi, au linalosema wazazi wake walimuuza, linapimwa kama neno lolote lingine, tena na kwa matunda yake. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu (Yohana 9), naye Bwana alikataa majibu yote mawili waliyomwekea mbele. Zaidi ya hayo, nchi yetu ina sheria. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu chake cha 160, inamhukumu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3, pamoja na faini ya franka za Kongo 200 000 hadi 1 000 000. Sheria hiyo haisemi «isipokuwa nabii». Na tangu Mei 2022 iko sheria nyingine iliyoandikwa kwa ajili ya haki za walemavu wenyewe.

Sasa msaada. Kwanza tulifanya kama tulivyozoea: tulikusanya sadaka, tukapeleka mfuko mmoja wa unga na sabuni, tukaomba, tukaimba, tukarudi. Mama alishukuru. Unga uliisha baada ya majuma 3, na kila kitu kikawa kama kwanza, kwa maana nyumba ile ilikosa zaidi mikono, na mikono haiwekwi katika mfuko.

Ndipo mama mmoja mjane, ambaye hana cheo chochote kanisani, alisema atakuja siku ya pili ya kila juma, tangu asubuhi hadi saa nane, kukaa na mtoto. Mwingine akachukua siku ya nne, mwingine siku ya posho. Siku hizo 3 mama alienda sokoni bila wasiwasi. Binti alirudi shuleni, kwa shida mwanzoni, kwa sababu siku ya kwanza na ya tano zilikuwa bado hazina mtu. Baadaye zilipata watu, lakini tusijisifu, ilichukua miezi 4.

Wale wamama hawakuanza na ujuzi. Mtu wa kine wa hospitali, yule anayefundisha mazoezi ya viungo, aliwaonyesha mambo ambayo tunayaandika hapa kwa faida ya parokia nyingine. Mtoto wa namna hii asilishwe akiwa amelala chali, kwa maana chakula kinaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo kikohozi kisichoisha kinapotoka. Aketishwe wima, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, apewe kijiko kidogo kidogo, na asubiriwe ameze. Uji mzito kidogo humezwa kwa urahisi kuliko uji wa maji maji. Asiachwe upande mmoja kutwa. Ageuzwe kila saa 2 ili ngozi isipate vidonda. Asemeshwe, kwa maana mtoto asiyesema anaweza kuwa anasikia na kuelewa mengi. Seremala wa parokia alitengeneza kiti cha mbao chenye mgongo wa pembe, mikanda ya kitambaa na meza ndogo mbele. Hakulipwa ila mbao. Siku mtoto alipowekwa humo alitazama nyumba yote kama mtu aliyefika mji mgeni. Tangu kuzaliwa alikuwa ameona zaidi dari na mgongo wa mama yake.

Hapa wengine wameuliza: je, maombi? Maombi yanaendelea. Lakini tusiombe kwa namna inayomwonyesha mama kwamba asipopona mtoto, yeye ndiye hana imani. Na kwa watoto wenye kifafa tunasema kwa nguvu: asiwepo mtu wa kanisa anayewaambia watupe vidonge kwa sababu wamekwisha kuombewa. Dawa ya kifafa hunywewa kila siku, na kuikatisha kwa ghafula kunaweza kuleta mshtuko mkali hata kifo. Maji yaliyoombewa hayagombani na vidonge. Tena mate ya mtoto aliyeanguka hayaambukizi kifafa. Watoto wangapi wameungua katika mbabula kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa! Mvute mtoto mbali na moto, mlaze upande, usimtie kitu mdomoni, ukae naye hadi arudi.

Liko jambo lingine ambalo nyumba nyingi hushindwa katikati ya njia. Mtoto akizaliwa na miguu iliyopinda ndani, inawezekana kunyooshwa bila upasuaji mkubwa kwa njia ya mganga Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani. Mguu unafungwa plasta na kubadilishwa kila juma, mara nyingi plasta 5 hadi 7. Wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino. Kisha mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa na ubao, saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, halafu usiku tu hadi umri wa miaka 4 hivi. Plasta wengi wanaimaliza. Viatu ndivyo vinavyowashinda. Mtoto analia usiku, bibi anasema mvulie, jirani anasema mnamtesa, na mama yuko peke yake. Basi miguu inarudi kupinda. Parokia inayotaka kusaidia itoe nauli ya kila juma, na itume mtu wa kulala pale usiku chache za kwanza za viatu. Bibi naye aelezwe, kwa heshima, na mtu wa umri wake.

Na wababa. Tunasema na ninyi kwa uchungu, kwa kuwa katika nyumba tulizozitembelea, anayebaki ni mama. Baba wa mtoto yule alifuatwa Kolwezi na wababa wawili wa kanisa. Hawakwenda kumgombeza. Walimpelekea maneno ya karatasi ile ya materniti, wakamwomba msamaha kwa neno lililosemwa katika maombi. Alilia. Alituma feza mara 2, kisha akanyamaza tena. Mpaka leo hajarudi, nasi hatutaandika kwamba alirudi. Neno la usiku mmoja linaweza kuvunja nyumba, na safari ya siku 2 isiijenge.

Daudi naye hakumwita tu Mefiboshethi mezani. Alimwamuru Siba, pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20, walime mashamba ya Mefiboshethi na kuleta mavuno. Sisi hatuna Siba, lakini tuna vijana wenye majembe. Mama anayelea mtoto asiyetembea hawezi kulima shamba lililo mbali saa 2 za miguu.

Kwa darasa la juma hili, wasimamizi wasome sura zile tatu kwa sauti, kisha waulize: katika parokia yetu, nani ameacha kuja ibadani, na nani alikwenda kuona kwa sababu gani? Waandike majina ya nyumba, si kwa kuyasoma hadharani, bali kwa kuyakabidhi kwa msimamizi wa wamama. Kila nyumba iwekewe siku na saa, na jina la mtu kwa kila siku. Atakayeshindwa siku yake atafute wa kumshika nafasi kabla ya jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa maana mama atakuwa amekwisha kufunga mzigo wa sokoni. Mkeka wa karibu na mlango uondolewe. Familia hizo zipewe nafasi mbele, karibu na ngoma.