Tutembelee Milima ya Udzungwa

Mbuga nyingi za wanyama hutazamwa kutoka ndani ya gari. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa si hivyo. Humo mgeni hupanda mlima kwa miguu yake.

Hifadhi hii iko Tanzania, katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Ilianzishwa mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990. Makao yake makuu yako Mang'ula, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Reli ya TAZARA nayo hupita Mang'ula.

Je, wewe unaweza kwenda? Ndiyo. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni watokao nchi za nje. Vaa viatu visivyoteleza. Chukua maji ya kunywa na chakula. Anza safari asubuhi, na umfuate kiongozi wa njia. Usiwape kima chakula, wala usitupe takataka.

MAPOROMOKO YA SANJE

Wageni wengi hupenda kwenda kwenye maporomoko ya Sanje. Kupanda na kushuka huchukua saa nne hivi. Maji huanguka kutoka juu kiasi cha mita 170. Urefu huo ni kama minazi mirefu saba, mmoja juu ya mwingine. Ukisimama juu, unaliona Bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa.

Katika msitu huu yuko kima wa Sanje. Hapatikani mahali pengine duniani ila katika milima ya Udzungwa. Wataalamu walimtambua mwaka 1979. Lakini wenyeji walikuwa wakimjua tangu zamani, na walikuwa na jina lao la kumwita.

KWA NINI MAJI HAYAISHI?

Fanya jaribio hili. Tafuta mahali penye mteremko. Sehemu moja iache tupu. Sehemu ya pili ifunike kwa majani makavu. Mwagia kila sehemu ndoo moja ya maji, polepole.

Penye udongo mtupu, maji hukimbia na kuchukua udongo. Penye majani, maji hushuka taratibu, na mengi huingia ardhini.

Msitu hufanya kazi hiyo hiyo. Matawi hupunguza nguvu ya mvua. Majani yaliyooza chini ya miti hunyonya maji. Maji hayo huingia ardhini, kisha hutoka kidogo kidogo kwenye chemchemi, hata wakati wa kiangazi. Mito ya Udzungwa huwapa maji watu wa vijijini chini ya mlima. Hunywesha pia mashamba ya mpunga na miwa.

KUNI ZITATOKA WAPI?

Kulinda msitu kuna gharama. Zamani wanavijiji wa jirani waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini kwa siku maalumu ya juma. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Jambo hili lilikuwa zito, hasa kwa akina mama, maana wao ndio wanaotafuta kuni. Chungu hakiivi kwa kutazama msitu.

Kwa hiyo kumwambia mtu "usikate mti" hakutoshi. Lazima awe na miti yake mwenyewe. Panda miti ya kuni mpakani mwa shamba lako. Usingoje kuni ziishe, kwa sababu mti huchukua miaka kukua. Jenga jiko la udongo linalofunika moto pande zote. Jiko hilo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu.

Tena, linda chemchemi na mto wa kijiji chako. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima hatua ndefu 60 kutoka ukingoni. Je, shamba lako liko upande gani?

MASWALI YA KUJADILI

1. Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa mwaka gani?
2. Majani yaliyooza yana kazi gani msituni?
3. Mto wa kijiji chetu unaanzia wapi? Huko juu kuna miti au mashamba?
4. Katika kijiji chetu, nani huenda mbali zaidi kutafuta kuni? Tufanye nini ili kumpunguzia mwendo?