Mtoto Aigize Asichothubutu Kusema

Pombe ya viroba ilipigwa marufuku nchini Machi 2017, lakini ulevi haukuondoka majumbani. Hapa Tunduma pia, mtoto wa mlevi hujifunza mapema kunyamaza. Maigizo humfungua kinywa. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Tuseme, wasichana wa sekondari wakaeleza shida zao kwa michezo ya kuigiza. Nasi tunaweza:

1. Tungeni familia ya kubuni. Mtoto asiigize baba yake mwenyewe.

2. Mlevi asiwe kichekesho. Onyesheni fedha ya daftari iliyonywewa, na mama anayeficha aibu.

3. Mchezo ukiisha, zungumzeni. Mtoto asikie wazi: hukusababisha ulevi huu, wala si kazi yako kuuponya.

4. Awepo mtu mzima wa kumwendea faraghani. Mtoto anayepigwa asaidiwe kupiga simu 116, ni bure.

Angalizo: aliyezoea kunywa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Akitetemeka, akiona mauzauza au akikakamaa kama mwenye kifafa, mleteni hospitali upesi. Ulevi ni ugonjwa, nao hutibika.