Joto la maji na samaki wetu: juu ya nini bwawa la Butembo halifuati kalenda ya Beni



Mu mikutano ya wafugaji wa samaki, swali moja linarudi kila mara. Linatoka kwa wenzetu wa Butembo, wa Musienene na wa vilima vya Lubero. Wanasema walichimba bwawa sawasawa na lile la wenzao wa Beni, wakaweka tilapia ile ile, wakatupa chakula kile kile. Beni walivuna kisha miezi sita. Wao, miezi sita imepita, samaki wangali wadogo, na deni la koperative linaomba kulipwa. Wengine wanafikiri waliuziwa vifaranga vibaya. Wengine wanafikiri ni wivu wa jirani.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu familia nyingi za upande wa Oicha, Mbau na Eringeti zilipokimbia vita na kuja kukaa Butembo na Lubero. Wamekuja na ujuzi wa kazi, lakini ni ujuzi wa maji ya kule chini. Somo hili linaonyesha kwamba mara nyingi kosa haliko kwa vifaranga wala kwa mfugaji. Ni joto la maji.

1. Samaki hana moto wake mwenyewe

Tuanze na mbuzi. Usiku wa baridi pale Butembo, mwili wa mbuzi unabaki karibu na digrii 39. Chakula anachokula kinawasha moto ndani yake. Kuku na mtu ni vile vile. Samaki haiko hivyo. Maji yakiwa na digrii 18, mwili wake nao uko karibu na digrii 18. Maji yakipanda kufika 27, naye anapanda.

Kwa mnyama wa namna hii, joto ndilo linaamuru kila kitu: kula, kusaga chakula tumboni, kukomaa, kutaga mayai. Joto likiongezeka digrii 10, kazi za mwili wake mara nyingi zinakwenda mara mbili ao zaidi, mpaka kufikia mpaka wake. Likipunguka, kila kitu kinakwenda pole. Chakula kizuri hakiwezi kumlazimisha samaki mwenye baridi akomae.

2. Mawe ya Mombasa na milima yetu

Wafanyabiashara wa Butembo wanaotosha mizigo kwenye bandari ya Mombasa wanaweza kujionea jambo hili. Bahari ikishuka, mawe ya pwani yanabaki wazi, na wanyama waliokaa juu yake wamejipanga kama kwenye ngazi. Juu kabisa, kwenye jua kali, kuna konokono wadogo. Chini yao kuna chaza walioshikamana na jiwe. Chini zaidi, mahali maji hayakawii kurudi, kuna mwani na wanyama wasioweza kuvumilia kukauka. Hakuna aliyewapanga. Kila mmoja anafika juu mpaka pale jua na ukavu vinamshinda, na mara nyingi anazuiwa chini na adui ao na wenzake wanaogombania nafasi.

Sisi hatuna bahari, lakini tuna milima. Mstari wa ekweta unapita karibu na Butembo, kwa hiyo kwetu joto halibadiliki sana toka mwezi mpaka mwezi. Linabadilika kwa kimo. Kila ukipanda mita 100, hewa inapoa zaidi ya nusu digrii. Beni iko karibu mita 1100. Butembo inapita mita 1700. Ukiondoka Beni ukapanda Kabasha, unapoteza karibu digrii tatu na nusu ao nne. Kwa mtu ni kitu kidogo: anavaa koti, basi. Samaki hana koti.

3. Tilapia wetu anatoka wapi

Tilapia tunayefuga ni ndugu wa wale wanaovuliwa mu Ziwa Edouard, kule Kyavinyonge na Vitshumbi. Hata jina moja alilopewa na wachunguzi, eduardianus, linatokana na ziwa hilo. Ziwa Edouard liko chini kuliko Beni, zaidi kidogo ya mita 900. Tukimleta Butembo, tunampandisha karibu mita 800. Anaishi, ndiyo, lakini anaishi karibu na mpaka wake.

Kuna mfano wa upande mwingine. Mwaka 1905, kule Kenya, watu walileta samaki anayeitwa trauti kutoka Ulaya na kumweka mu mito ya milima ya Aberdares. Trauti anapenda maji ya baridi, chini ya digrii 20. Alikaa mu mito ya juu mpaka leo, lakini hakushuka kuenea mu maji ya joto ya kule chini. Tilapia anazuiwa na baridi kwa juu, trauti anazuiwa na joto kwa chini.

Majirani wetu wa Rwanda walichunguza jambo hili mu miaka ya 1980, kwenye kituo cha Rwasave karibu na Butare. Kituo hicho kiko kwenye mita zaidi ya 1600, kimo kisicho mbali na cha Butembo. Huko tilapia alikomaa, lakini kwa pole kuliko mu mabwawa ya kule chini. Kufuga mu milima kunawezekana, basi. Lakini kunaomba wakati mwingi zaidi.

4. Ngazi ya joto ya tilapia

Tunaomba kila koperative iandike ngazi hii kwenye karatasi kubwa na kuibandika mahali pa mikutano:

Digrii 11 mpaka 12: hapa tilapia anakufa.
Chini ya 16: hali kitu, ao karibu hali kitu. Chakula ukitupa kinaoza.
16 mpaka 20: anakula kidogo, anakomaa pole sana. Kutaga mayai kunasimama ao karibu kusimama.
20 mpaka 25: anakula, anakomaa, lakini bila haraka.
25 mpaka 31: hapa ndipo anakula sana na kukomaa mbio.
Zaidi ya 35: anaanza kuteseka, hasa hewa ikipunguka mu maji.
Karibu 42: anakufa.

Tufanye hesabu, mfano tu. Tuseme unatupa kilo 2 za chakula kila siku. Kwa mwezi ni kilo 60. Kama baridi inafanya samaki wale nusu tu, kilo 30 zinaoza chini ya maji kila mwezi. Kwa miezi sita ni kilo 180, ni kusema magunia zaidi ya matatu ya kilo 50. Pesa hiyo ingelipa masomo ya mtoto. Tena chakula kinachooza kinakula hewa ya samaki.

5. Beni nayo ina hatari yake

Wenzetu wa Beni, Mutwanga na Oicha wasicheke sana. Maji ya moto yanabeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi. Kwenye usawa wa bahari, maji ya digrii 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa litre moja. Yale ya digrii 30 yanabeba karibu 7 na nusu. Mu milima yetu ni kidogo zaidi. Na samaki aliye mu joto anapumua mbio, anaomba hewa nyingi.

Ndiyo sababu, mu bwawa la joto lenye samadi nyingi, unaweza kukuta asubuhi mapema samaki wamepanda juu, wanafungua-fungua kinywa. Si njaa, ni hewa imekwisha usiku. Siku hiyo usitupe chakula wala samadi. Ingiza maji mapya mpaka watulie.

Kwa ufupi: Butembo, chunga baridi. Beni, chunga hewa.

6. Namna ya kupima

Usikadirie kwa mkono. Mkono wako ni wa moto, utakudanganya. Koperative inunue termometa moja ya maji, izunguke kwa wanachama.

- Funga termometa kwenye kamba, ishushe kiasi cha sentimita 30 chini ya maji. Ngoja dakika tatu.
- Pima mara mbili kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa mchana.
- Andika mu kaye, siku 30 bila kuruka.
- Jumlisha namba zote mbili za kila siku, gawanya kwa mbili. Kisha tafuta wastani wa mwezi.
- Linganisha na ngazi ya joto hapo juu.

Kama haujachimba bado, pima kwanza maji ya mto ao ya chemchemi utakayoyatumia, na bwawa la jirani. Termometa ni bei ndogo kuliko kuchimba bwawa ambalo litakusumbua miaka.

7. Namna ya kusaidia bwawa la milimani

Funga maji. Hili ndilo la kwanza. Wengi wanaacha maji ya mto yaingie na kutoka usiku na mchana, wakifikiri samaki anapenda maji yanayotembea. Maji yale ni ya baridi. Kila saa yanafukuza joto ambalo jua limeweka, tena yanabeba ule ukijani ambao samaki anakula. Jaza bwawa, funga, kisha ongeza tu yale yaliyopotea kwa jua na kwa kuvuja.

Tafuta jua. Bwawa chini ya mikaratusi halipati joto. Kata matawi yanayofunika maji upande wa jua la asubuhi na la mchana. Tena kumbuka kwamba usiku hewa ya baridi inashuka na kulala chini kabisa mu bonde. Kama una nafasi, usichimbe kwenye shimo la bonde lililobanwa na vilima.

Chunga kina. Bwawa la sentimita 40 linapata joto mbio mchana, lakini usiku linapoteza yote. Sentimita 80 upande mmoja mpaka mita 1 na sentimita 20 upande mwingine ni vizuri.

Fanya maji yawe ya kijani. Ingiza mkono wima mpaka kiwiko. Kama vidole vinapotea macho pale maji yanapofika kwenye kiwiko, ukijani unatosha. Kama bado unaviona vizuri, ongeza samadi kidogo. Kama vinapotea mbele ya kufika hapo, simamisha samadi.

Tupa chakula mchana. Kati ya saa nne na saa tisa, wakati maji yamepata joto. Siku ya mvua na ukungu, punguza ao acha.

Zoeza vifaranga. Vikitoka Beni kuja Butembo, usivimwage moja kwa moja. Acha mfuko uelee juu ya bwawa dakika 20 mpaka 30, kisha changanya maji kidogo kidogo. Vingi vinakufa siku ya kwanza juu ya kuruka toka joto mpaka baridi.

Punguza watoto. Samaki anayekomaa pole anaweza kuanza kutaga angali mdogo, kila mara maji yanapopata joto, na bwawa linajaa vidogo visivyouzika. Tosha vidogo kwa wavu kila mwezi. Unaweza kuweka pia kambale wachache wawale, lakini uwaingize wakiwa wadogo kuliko tilapia wako wakubwa. Kambale anapumua hata hewa ya juu, lakini baridi inamchelewesha naye.

Tena onyo moja: mtu akikuletea samaki mgeni akisema anapenda baridi, usimpokee bila kuuliza watu wa serikali wanaohusika na uvuvi. Mabwawa yanapasuka siku ya mvua kubwa, na mito yetu mingi inafika mu Ziwa Edouard ao mu Semuliki.

8. Kalenda ya mkopo ifuate maji

Hapa tunasema na viongozi wa koperative. Mkopo wa vifaranga na chakula wa kulipa kisha miezi sita unafaa mu maji ya joto. Mu maji ya digrii 20 ao 21, samaki yule yule anaweza kuomba miezi tisa, hata mwaka. Mukimlazimisha mfugaji wa Butembo alipe kwa kalenda ya Beni, atauzisha samaki wadogo kwa bei ya hasara, ao ataomba deni lingine kulipa la kwanza. Kisha atafunga bwawa, na koperative itapoteza mwanachama pamoja na pesa.

Tunawaomba mufanye hivi: hakuna mkopo wa bwawa bila kaye ya joto ya siku 30. Wastani wa joto ndio uonyeshe muda wa kulipa na kiasi cha chakula cha kukopesha. Na kule juu kabisa, mahali wastani hauvuke digrii 18, mwambieni mwanachama ukweli mbele ya kuchimba: kwa pesa ile ile, sungura ao kuku watamfaa zaidi.

Maswali ya kuongea mu kikundi

1. Mu kikundi chetu, nani anaacha maji yatembee mu bwawa usiku na mchana? Akiyafunga mwezi mmoja, termometa itaonyesha nini?
2. Chakula tulichotupa mwezi uliopita, tunajua kiasi gani kililiwa?
3. Mikopo yetu inalipwa kwa miezi mingapi? Muda huo tuliupata wapi: mu maji yetu ao kwa wengine?
4. Nani atatunza termometa, na nani ataanza kuandika kesho saa kumi na mbili asubuhi?