Somo: Kumjua Nondo wa Viwavijeshi kwa Ubawa Wake na kwa Kwao

Wengi wetu hupanda mahindi kidogo kando ya mikarafuu, na mvua zikianza swali huwa lile lile: nondo huyu aliyekuja kwenye taa usiku, ni wa viwavijeshi? Dawa hununuliwa kwa fedha, na anyunyizaye asimjue adui wake anamwaga fedha zake. Basi somo hili ni la nondo wawili wanaofanana mno.

Wa kwanza ni mwenyeji wa Afrika. Wataalamu humwita Spodoptera exempta, na viwavi wake ndio viwavijeshi waliojulikana na wazee. Wa pili ni Spodoptera frugiperda, ambaye kwao ni Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alithibitishwa Tanzania. Huyu ndiye kiwavijeshi vamizi.

Tuanze na ubawa. Usimshike nondo kwa vidole, kwa kuwa alama zake ni unga tu, nao hufutika. Mfunike kwa gilasi mpaka afe, kisha mlaze juu ya karatasi nyeupe, umfungue mbawa polepole kwa mwiba wa mchungwa. Mwenyeji ana mbawa za mbele za kijivu cha udongo, zenye doa mfano wa figo. Mbawa zake za nyuma ni nyeupe chafu, na mishipa yake imekoza kama iliyochorwa kwa kalamu ya risasi. Vamizi dume hujitangaza mwenyewe: ana doa jeupe la pembe tatu kwenye ncha ya ubawa wa mbele, na jingine karibu na katikati. Nyuma ni mweupe wa fedha, na ukingo mwembamba wa kahawia.

Jike ndiye mtihani. Jike la vamizi halina madoa yale meupe. Ni kijivu tu, na hapo hata mtu mwenye macho makali hukosea. Kwa hiyo usihukumu kwa nondo mmoja. Weka taa juu ya beseni la maji, kusanya kadhaa, utafute dume kati yao. Ukimkosa, nenda kondeni ukamtazame kiwavi: vamizi aliyekua ana vidoa vinne vyeusi vilivyokaa mraba karibu na mkia.

Sasa tuje kwenye mahali. Chukua Arash, kata iliyo katika wilaya ya Ngorongoro, nchi ya malisho ya Wamasai. Zamani, kabla ya 2016, nondo wa namna hii akiokotwa huko, hapakuwa na haja ya kumfikiria yule wa Amerika. Mahali palitosha kumtoa. Na kwa mfugaji jina la nondo si jambo la vitabuni. Viwavi wa exempta hula nyasi, na ng'ombe wamewahi kufa baada ya kulishwa penye nyasi zilizoliwa nao karibuni. Akimjua nondo mapema, hujua pa kutopeleka mifugo.

Leo mahali peke yake hapatoshi, wala Arash wala Wete. Vamizi huweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, na kutoka bara mpaka Pemba ni kama kilomita 50 tu. Exempta naye husafiri na upepo mamia ya kilomita. Bahari si boma kwao.

Kilichobaki cha kuwatenganisha ni majira na mwenendo. Exempta huja kwa makundi baada ya mvua za kwanza, hula wazi mchana, kisha hutoweka. Hula nyasi na nafaka tu, kwa hiyo mwenye mikarafuu asiipigie dawa kwa ajili yake. Vamizi hukaa mwaka mzima penye mahindi, amejificha ndani ya moyo wa muhindi, na dawa haimfiki akishazama humo. Huyu atakiwa kuwindwa angali mdogo: kagua mara mbili kwa wiki, yaponde mayai yaliyofunikwa manyoya chini ya majani.

Ukipata nondo usiyemtambua, mtie katika kiberiti kitupu pamoja na pamba, uandike juu yake kijiji, tarehe, na mmea uliokuwa karibu, kisha umpelekee Bwana Shamba. Nondo asiye na tarehe wala kijiji humpunguzia njia moja ya kumjua.