Paka akitapika manyoya, jihadhari na parafini

Wengi wetu katika miji ya Kisii na Nyamira hufuga paka kwa sababu ya panya. Penye gunia la mahindi hapakosi paka. Lakini siku moja unamkuta amejikunyata, shingo ameinyosha, anakohoa kana kwamba amekwamwa na mfupa. Mara anatapika kitu kirefu, kimelowa, mfano wa kidole. Hayo ni manyoya yake mwenyewe.

Ulimi wa paka una vijiba vigumu vinavyoelekea nyuma. Anapojilamba, manyoya hunasa humo na hawezi kuyatema, basi huyameza. Mengi hutoka na kinyesi, machache hufungamana tumboni. Akiyatapika mara moja moja na bado anakula, usiwe na wasiwasi.

Hatari imo katika dawa. Vitabu vya zamani vya Uingereza hushauri paka apewe parafini ya maji. Hiyo ni dawa ya kulainisha choo, haina rangi wala harufu. Lakini kwetu, ukimtuma mtoto dukani alete parafini, atarudi na mafuta ya taa ya stovu! Hayo ni sumu. Hata mafuta ya kupikia usimmiminie kinywani kwa nguvu, kwani yakiingia mapafuni huleta nimonia.

Dawa bora ni kitana. Mchane kila siku, kutoka kichwani kuelekea mkiani, hasa akiwa na manyoya marefu. Malenge pia husaidia. Lichemshe bila chumvi wala kitunguu, uliponde, kisha uchanganye kijiko kimoja cha chai na omena wake. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu damu ya paka. Awe na maji safi daima. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa.

Akihangaika kutwa nzima bila kutoa kitu, akikataa chakula au tumbo likiwa gumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huenda utumbo umeziba.

Na paka anayetokwa na mate mengi, anayeyumba au aliyegeuka mkali ghafla, usimtie kidole mdomoni kutafuta manyoya. Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Akikuuma au kukuparura, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali mara moja ukaulizie chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu.