Bunduki Fupi ya Marisau: Sheria Inasemaje, na Ukiikuta Ufanye Nini?

Somo letu la Fahamu Sheria toleo hili linahusu bunduki fupi za marisau, zile ambazo wengi huziita shotgani, zenye mpini wa kushika kama bastola badala ya kitako cha kuegemeza begani. Usalama na polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa, wala kaunti haitoi leseni ya silaha. Hata hivyo, mkazi ndiye hukutana na silaha kwanza: shambani, kwenye mashimo ya dhahabu Nyatike, kichakani kandokando ya Ruma, au chini ya kitanda cha marehemu. Anachofanya katika dakika chache za mwanzo kinaweza kuokoa maisha, au kumpeleka mahakamani.

Baada ya kusoma somo hili utaweza kueleza bunduki ni nini kisheria, kutambua nani anahesabiwa kuwa nayo, na kujua hatua za kuchukua ukiikuta.

1. BUNDUKI NI NINI?

Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inaeleza bunduki kuwa silaha yoyote ya kuua yenye mtutu, inayoweza kufyatua marisau, risasi au kitu kingine cha kurushwa, au inayoweza kurekebishwa ifanye hivyo. Sehemu za silaha hiyo nazo zimo ndani ya maana hiyo.

Maswali ya kwanza, basi, ni mawili: je, ina mtutu? Je, inaweza kufyatua na kuua? Sheria haikuanza kwa kuuliza kama ni ndefu au fupi, ina kitako au mpini, imetoka kiwandani au kwa fundi wa kijijini. Bomba la maji lililofungwa springi na msumari likaweza kufyatua risasi ni bunduki. Gobore linalofyatua ni bunduki. Bunduki ya marisau iliyokatwa ikaingia kwenye mkoba ni bunduki. Kesi inapofika mahakamani, mtaalamu wa silaha wa polisi huichunguza na kueleza kama inafyatua. Mara nyingi mahakama zetu zimewatia hatiani watu waliokutwa na bunduki za kujitengenezea.

Hata kitu kinachofanana tu na bunduki, kisichoweza kufyatua, kina jina lake katika sheria hiyo: silaha ya kuigiza. Ukikitumia kufanya uhalifu, utashtakiwa.

2. KWA NINI WATU HUCHANGANYIKIWA?

Vijana wengi huona video kutoka Marekani kwenye simu, wakasikia kwamba bunduki fupi yenye mpini “si shotgani” na kwamba ni halali. Tueleze maneno hayo yanatoka wapi.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inadhibiti kwa ukali zaidi shotgani yenye mtutu usiofika inchi 18, yaani kama sentimita 46, au iliyokatwa hadi urefu wake wote ukawa chini ya inchi 26, kama sentimita 66. Lakini sheria hiyo inaeleza shotgani kuwa bunduki iliyoundwa ifyatuliwe kutoka begani. Kwa hiyo watengenezaji wakatoa bunduki ambayo tangu kiwandani haina kitako, yenye mtutu wa inchi 14 na urefu wote unaozidi kidogo inchi 26. Huko, kwa sheria ya taifa, haihesabiwi kuwa shotgani. Uingereza nayo ina kipimo chake: ni kosa kukata mtutu wa shotgani ukawa chini ya inchi 24.

Mjadala huo ni wa nchi hizo na vipimo vyao. Ukiwa Rongo au Mbita, video hiyo haitakutetea.

3. NANI ANARUHUSIWA?

Kifungu cha 4 cha Sura ya 114 kinakataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha silaha. Wanaosimamia vyeti hivyo ni Bodi ya Leseni za Silaha. Mwombaji lazima awe na sababu ya kutosha, na bodi iridhike kwamba hatahatarisha usalama wa umma. Cheti hutaja mwenyewe, aina ya silaha na kiasi cha risasi. Hakiazimwi, hakiuzwi, wala hakirithiwi pamoja na shamba na ng’ombe.

Cheti cha Kenya hakikuruhusu kuvuka na bunduki Isebania. Ng’ambo ya mpaka, Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015.

Kutengeneza, kuuza au kukarabati bunduki kama biashara kunahitaji kusajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha. Fundi wa jua kali aliyezoea kuchomelea mageti na majembe ya kukokotwa na ng’ombe hana ruhusa hiyo, hata mteja akimwambia ni “kazi ndogo tu ya kukata bomba”.

Adhabu si ya kuchezea. Mtu anaweza kufungwa miaka mingi, na kwa baadhi ya silaha za kivita kifungo ni cha maisha.

4. “ILIKUWA YA RAFIKI YANGU”

Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, inaeleza kuwa na kitu kwa upana. Si lazima kiwe mfukoni mwako. Ukijua kipo, na umekiweka mahali popote kwa matumizi yako au ya mwingine, unacho. Tena, watu wawili au zaidi wakijua na kukubali mmoja wao akae nacho, wote huhesabiwa kuwa nacho. Anayepokea gunia “nitunzie hadi Jumapili” huku akijua lililomo amejifunga kamba mwenyewe.

5. HATARI YA BUNDUKI FUPI

Bunduki ndefu hushikwa mikono miwili na kuegemezwa begani. Iliyo fupi, isiyo na kitako, hurusha teke lote kwenye kiganja na kifundo cha mkono. Ni vigumu kulenga nayo, na mkono wa mbele hukaa karibu na mdomo wa mtutu. Mtutu mfupi pia hugeuka upesi: ukigeuka kumjibu aliyekuita, nao umemwelekea. Marisau hutoka mengi kwa pamoja na hutawanyika kadiri yanavyokwenda, hivyo aliyesimama kando anaweza kupigwa. Ile ya kujitengenezea ni mbaya zaidi, kwa kuwa bomba halikuundwa kuhimili nguvu ya baruti. Linaweza kupasuka mkononi mwa aliyeishika.

6. UKIIKUTA

• Usiiguse, usiisogeze, usijaribu kuona kama ina risasi. Ihesabu kuwa imejazwa.
• Waondoe watoto na wengine. Simama mbali ukiweza kupaona mahali hapo.
• Piga simu 999 au 112, au mjulishe chifu, naibu wake au msimamizi wa Nyumba Kumi, ili polisi waje.
• Usiibebe kwa bodaboda kuipeleka kituoni. Njiani utaonekana mtu mwenye bunduki bila cheti, na barabara zetu zina mashimo.
• Waeleze polisi uliikuta wapi, saa ngapi, na nani aliyekuwepo.
• Risasi moja, au kipande cha bunduki, fanya vivyo hivyo.

Kwa mwenye cheti: usielekeze mtutu kwa mtu hata ukiamini ni tupu, kidole kikae nje ya kifyatulio, toa risasi kabla ya kuingia nyumbani, funga bunduki kwenye sanduku la chuma, na risasi mahali pengine penye kufuli. Usikate mtutu wala kubadilisha kitako. Ikiibwa, ripoti siku hiyo hiyo.

7. JIPIME

(a) Mjane wa Rangwe anakuta bunduki ya marehemu mumewe kabatini, na cheti kando yake. Je, ni yake sasa?

(b) Fundi wa Awendo anaombwa akate mtutu “ili bunduki ya kulinda ng’ombe ibebeke”. Mteja anaahidi malipo mazuri.

(c) Wavulana wanaochunga karibu na Kehancha wanaona mpini wa bunduki ukichungulia kwenye gunia kichakani. Mmoja anataka kuuchukua ampelekee babake.

Majibu. (a) La. Cheti kilikuwa cha marehemu. Afunge chumba, amjulishe OCS mapema, polisi waje kuichukua, naye awape cheti na kuomba maandishi ya kuonyesha wameipokea. Kunyamaza miezi ndiko kutamletea taabu. (b) Akatae, na atoe habari. Akikata, mikono yake imeingia katika kosa, na hajui silaha hiyo itamlenga nani. (c) Wasiguse. Wawili wabaki mbali na ng’ombe, mmoja akimbie kumwita mtu mzima, naye apige simu.

Novemba 2016, zaidi ya silaha haramu 5,000 zilichomwa moto Ngong. Nyingine zilikamatwa, nyingine zilisalimishwa na wananchi. Soma somo hili na watoto nyumbani, hasa sehemu ya 6, kwa kuwa mara nyingi wao ndio hufika kichakani kabla yetu.